Jinsi ya Kuomba Nakala ya Cheti cha Kuzaliwa kwa Msajili: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wanaorudishwa dirishani hurudishwa kwa majibu yale yale: "Jina halionekani." "Hii siyo nakala inayotakiwa." "Wewe ni nani wake?" "Nenda ulikozaliwa." Ukiyachunguza majibu hayo, karibu yote yana mzizi mmoja. Karani hamtafuti mtu. Anatafuta mstari ulioandikwa na karani mwingine, katika daftari fulani, siku fulani, kwa tahajia fulani. Ukimpelekea jina unalotumia leo na mahali unapoishi leo, unamwomba atafute kitu ambacho huenda hakikuandikwa popote.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, kabla ya kupanga foleni. Ndiyo maana hatua ya 2 na ya 3 ni ndefu kuliko nyingine. Usiziruke.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kusajiliwa ambaye cheti chake kimepotea, kimechakaa, au anahitaji nakala nyingine. Asiyewahi kusajiliwa ana njia yake, usajili uliochelewa. Kama hujui uko kundi gani, hatua ya 6 itakuonyesha.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Weka vyote kwenye bahasha moja:

- Kitambulisho chako halali chenye picha, pamoja na kivuli chake.
- Chochote chenye namba ya cheti cha zamani: kivuli kilichobaki shuleni, picha kwenye simu ya ndugu, hata kipande cha karatasi kilicholiwa na mchwa.
- Majina ya wazazi kama yalivyokuwa wakati wa usajili, siyo kama yalivyo sasa.
- Tarehe na mahali pa kuzaliwa: kituo cha afya au kijiji, kata na wilaya kwa majina ya wakati ule.
- Nyaraka za utotoni: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi lililotolewa hospitali, cheti cha ubatizo, rekodi ya kuandikishwa darasa la kwanza.
- Uthibitisho wa uhusiano, kama unamwombea mwingine.
- Cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina, kama jina lako limebadilika.
- Taarifa ya polisi ya upotevu, ikiwa ofisi yako inaidai. Ulizia kwanza, kwani siyo kila mahali inahitajika.
- Njia ya kulipia ada, na karatasi ya kuandikia namba utakazopewa.

Ukikosa kimoja au viwili usikate tamaa. Vitu visivyokosekana ni kitambulisho na taarifa za kutosha kuufikia mstari wako daftarini.

## Hatua ya 1: Jua ni nakala ya aina gani inayotakiwa

Anza na yule anayekudai cheti, awe shule, mwajiri, ubalozi au ofisi ya pasipoti. Vitu vinne tofauti huitwa "nakala", na ukipeleka kimoja badala ya kingine unarudishwa.

Cha kwanza ni kivuli cha kawaida, kilichotoka kwenye mashine tu. Cha pili ni kivuli kilichogongwa muhuri na wakili au kamishna wa viapo kwamba kinafanana na cheti halisi. Cha tatu ni cheti kipya kilichotolewa na msajili mwenyewe kutoka kwenye daftari lake. Cha nne ni dondoo, yaani cheti kifupi chenye baadhi tu ya taarifa zilizomo daftarini.

Cha tatu ndicho tunachoshughulika nacho hapa. Kivuli kilichogongwa muhuri na wakili hakichukui nafasi yake, hata muhuri uwe mwekundu na mkubwa kiasi gani. Wakili anathibitisha kwamba karatasi mbili zinafanana. Hathibitishi kilichomo daftarini kwa sababu hajaliona.

Dondoo nayo inahitaji uangalifu. Uingereza hutoa cheti kifupi kisicho na majina ya wazazi, na wengi hukigundua upungufu huo siku ya kuomba pasipoti. Ufaransa ina aina tatu: nakala kamili, dondoo yenye majina ya wazazi, na dondoo isiyo nayo. Ofisi ya pasipoti ya Marekani inataka cheti chenye majina kamili ya wazazi, muhuri na saini ya msajili, na tarehe inayoonyesha kuwa usajili ulifanyika ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Kama hujui uchague ipi, omba nakala kamili. Sijawahi kusikia ofisi ikilalamika kwamba cheti kina taarifa nyingi mno.

Muulize anayekudai maswali haya manne, na uandike majibu:

1. Ni nakala kamili au dondoo?
2. Inatakiwa iwe imetolewa ndani ya muda gani?
3. Itarudishwa au itabaki kwenye faili?
4. Inahitaji uhakiki wa ziada, au tafsiri?

Swali la pili hupuuzwa sana. Cheti hakiozi, lakini anayekipokea anaweza kudai kipya. Kwa ndoa ya Ufaransa, kwa mfano, nakala iliyotolewa huko huko kwa kawaida isiwe na zaidi ya miezi mitatu. Puerto Rico ilikwenda mbali zaidi: ilivibatilisha vyeti vyote vilivyotolewa kabla ya tarehe 1 Julai 2010, kwa sababu shule na ofisi nyingi zilikuwa zikibaki na vyeti halisi vya watu, navyo vikaibwa na kutumiwa kutengenezea vitambulisho vya uongo. Ndiyo sababu ya swali la tatu. Ikiwa nakala haitarudi, omba mbili kwa safari moja.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nahitaji nakala kamili, isiyozidi umri fulani, idadi kadhaa."

## Hatua ya 2: Tafuta daftari lako liko wapi

Kanuni ya jumla: usajili hufuata mahali ulipozaliwa, siyo unapoishi wala wanapotoka wazazi. Aliyezaliwa hospitali ya mkoa jirani kwa sababu mama alipewa rufaa anatafutwa mkoa ule, hata kama alikaa huko siku mbili tu.

Baada ya hapo inategemea nchi ilivyojipanga.

Tanzania Bara, usajili wa vizazi na vifo uko chini ya RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na wilayani msajili ni Katibu Tawala wa Wilaya. Zanzibar ina chombo chake, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwa hiyo aliyezaliwa Unguja au Pemba hana mstari kwenye madaftari ya RITA. Uganda kazi hii iko NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili, ingawa zamani ilikuwa URSB, ofisi ya huduma za usajili, na vyeti vya enzi hizo bado vinaonyesha jina la taasisi ya zamani.

Marekani haina daftari la taifa. Unaomba kwenye jimbo ulikozaliwa, na baadhi ya majimbo hutoa pia kupitia kaunti. Uingereza nayo siyo moja kwa jambo hili: England na Wales wana ofisi yao, Scotland yake, Ireland ya Kaskazini yake. Ufaransa unaandikia manispaa ulikozaliwa, na kwa raia wake waliozaliwa nje kuna ofisi maalumu mjini Nantes. Ujerumani, daftari la vizazi hukaa ofisi ya usajili miaka 110, kisha huhamia nyaraka za kale. Anayemtafuta baba wa babu yake asiende tena kwa msajili.

### Mipaka ya zamani

Hapa ndipo wengi hupotea bila kujua. Wilaya hugawanywa, mikoa mipya huzaliwa, lakini mstari wako umeandikwa kwa jina la zamani. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mikoa ya Geita, Njombe, Simiyu na Katavi ilianzishwa mwaka 2012. Aliyezaliwa Geita mwaka 1990 alizaliwa katika Mkoa wa Mwanza, na ndivyo cheti chake kinavyosema. Akijaza "Mkoa wa Geita" kwenye fomu, karani anaweza kulitafuta daftari ambalo kwa mwaka ule halikuwepo.

Jaza jina la wakati ule, kisha ongeza pembeni jina la sasa: "Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza (sasa Mkoa wa Geita)". Maneno machache, lakini yanaokoa safari.

Wilaya ilipogawanywa, uliza pia vitabu vya zamani vilibaki wapi. Mara nyingi hubaki ofisi mama, na ofisi mpya huanza na kitabu kipya. Piga simu kwanza ikiwezekana, na usiulize "Mnatoa vyeti?" maana jibu ni ndiyo. Uliza, "Vitabu vya mwaka huu, vya kata hii, viko kwenu?"

Umefaulu ukijua jina la ofisi iliyoshika kitabu, na siyo tu ofisi iliyo karibu nawe. Nchi nyingi sasa hupokea maombi mtandaoni au kwenye tawi lolote, lakini hata huko lazima utaje wilaya ya usajili.

## Hatua ya 3: Uandike upya mstari wako kama karani alivyouandika

Chukua karatasi. Juu andika taarifa unazoziamini, kisha chini ya kila moja andika namna nyingine ambazo huenda ndizo zilizoandikwa. Karatasi hii ndiyo itakayokutoa.

Tahajia. Karani aliandika alichosikia. Yusufu anaweza kuwa Yusuf, Yusuph au Yusuphu. Abdallah akawa Abdala au Abdulla. Mwanaisha na Mwanaasha, Elizabeth na Elizabeti, Zakaria na Zacharia. Mfumo wa kompyuta hauna huruma: herufi moja ikitofautiana, jibu ni "haionekani".

Mpangilio wa majina. Cheti chaweza kuwa na jina lako na la baba tu, bila la babu. Au jina la ukoo limetangulia. Au jina la ubatizo halimo kabisa kwa sababu ulibatizwa miezi sita baada ya usajili. Kuna na watoto walioandikwa bila jina lolote, jinsia na wazazi tu, kwa sababu fomu ilijazwa wodini kabla familia haijaamua.

Jina la mama. Andika la kwao, siyo la ndoa. Kwa watu wenye majina yanayofanana, hili ndilo hutofautisha, na ndilo waombaji hulikosea zaidi kwa sababu wamezoea kumwita mama fulani.

Baba. Kama wazazi hawakuwa wamefunga ndoa wakati ule, sehemu ya baba inaweza kuwa tupu, au mtoto kaandikwa kwa jina la babu mzaa mama. Si swali jepesi kumuuliza mama. Muulize hata hivyo, faraghani, ukimweleza kwamba unatafuta kilichoandikwa tu.

Tarehe mbili. Kuna tarehe ya kuzaliwa na kuna tarehe ya kusajiliwa, na vitabu vingi hupangwa kwa ile ya pili. Mtoto wa Desemba aliyesajiliwa Machi yumo kwenye kitabu cha mwaka uliofuata. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 12 kwa sababu shule ilidai cheti yumo kwenye kitabu cha mwaka aliotimiza miaka 12. Tanzania Bara usajili wa kawaida ni ndani ya siku 90, Kenya ni ndani ya miezi sita. Aliyezidi muda huo alipitia utaratibu mwingine na huenda kumbukumbu zake ziko kwenye faili tofauti.

Usiwaulize wazee "Nilisajiliwa lini?" maana hawatakumbuka. Uliza, "Nani alipeleka karatasi? Alikuwa anafanya kazi wapi? Tulikuwa tumeshahamia, au bado?" Majibu hayo hukupa mwaka na wilaya kwa pamoja.

Kisha tafuta vyeti vya ndugu zako wa tumbo moja. Kama dada yako kaandikwa "Saidi" kwa jina la baba na wewe unaandika "Said", umepata tahajia ya kujaribu. Kama wote wawili mlisajiliwa siku moja, jambo la kawaida kwa familia zilizongoja hadi shule idai, namba yako ya ingizo, yaani namba ya mstari wako daftarini, inaweza kuwa jirani kabisa na yake.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye tahajia mbili au tatu za kila jina, miaka miwili au mitatu ya kutafutwa, na majina ya wilaya ya zamani na ya sasa.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwamba una haki ya kuomba

Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachozaa kitambulisho, pasipoti na mirathi, ndiyo maana nchi nyingi hazimpi kila anayeuliza. Kwa kawaida wanaokubaliwa ni mwenyewe aliyefikia umri wa utu uzima, mzazi aliyetajwa kwenye cheti, mlezi mwenye amri ya mahakama, au mwakilishi mwenye barua.

Zipo tofauti. England na Wales mtu yeyote anaweza kuagiza cheti cha mtu mwingine, akiwa na taarifa za kutosha. Ufaransa nakala kamili ni ya mhusika, mwenzi wake, wazazi, babu na bibi, watoto na wajukuu wake, hadi itimie miaka 75 ndipo daftari hufunguliwa kwa wote.

Unayemtuma akuombee apewe barua iliyosainiwa, kivuli cha kitambulisho chako na kitambulisho chake halisi. Barua itaje kazi moja tu: kuomba na kupokea nakala ya cheti fulani. Barua inayosema "anifanyie shughuli zangu zote" ni hatari kwako, na karani makini huikataa.

Unayeombea cheti cha marehemu, peleka cheti cha kifo na kinachoonyesha undugu wenu. Usiseme unamwombea mtu aliye hai. Ikigundulika, ombi zima linaingia doa.

## Hatua ya 5: Jaza ombi, wasilisha, lipa

Kama ofisi ina fomu, tumia fomu. Kama haina, au unaandika kwa posta, barua fupi inatosha:

> Msajili wa Vizazi na Vifo,
> Wilaya ya ........
>
> YAH: OMBI LA NAKALA KAMILI YA CHETI CHA KUZALIWA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba nakala kamili (idadi ......) ya cheti cha kuzaliwa chenye taarifa zifuatazo:
>
> Jina lililosajiliwa: ........ (laweza kuwa limeandikwa pia ........)
> Tarehe ya kuzaliwa: ........
> Mahali: ........ (kwa sasa panaitwa ........)
> Baba: ........
> Mama, kwa jina la kwao: ........
> Namba ya ingizo, kama inajulikana: ........
> Miaka inayoweza kutafutwa: ........ hadi ........
>
> Sababu ya ombi ni kupotea/kuchakaa kwa cheti cha awali. Naambatisha kivuli cha kitambulisho changu na ........
>
> Jina, saini, tarehe, namba ya simu.

Jambo la kushikilia ni hili: sehemu ya "jina" jaza jina lililosajiliwa. Jina lako la sasa lina nafasi yake kwenye maelezo ya mwombaji, pamoja na hati ya mabadiliko. Anayejaza jina la ndoa kwenye nafasi ya jina la kuzaliwa amejirudisha mwenyewe nyumbani.

Ukijaza mtandaoni, piga picha ya ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza tuma. Nyaraka unazopakia zisomeke pembe zote nne; picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano hukataliwa.

Malipo hayana maneno mengi. Lipa kwa njia rasmi tu, kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa serikali au dirisha la fedha lenye stakabadhi. Anayekusogelea nje ya geti akidai ana mtu ndani ni kishoka. Tatizo lake siyo fedha yako peke yake: cheti anachokuletea kinaweza kuwa na karatasi safi, muhuri mzuri, na namba ambayo haimo kwenye daftari. Utakigundua siku ya uhakiki, mbele ya ofisa wa mikopo au wa ubalozi.

Umefaulu ukitoka na stakabadhi, namba ya ombi, na tarehe ya kurudi. Ukiambiwa "njoo njoo tu", omba jina la dawati na namba ya simu ya ofisi.

## Hatua ya 6: Ukijibiwa "haionekani"

Watu wengi husikia neno hilo wakaondoka. Baya zaidi, wengine huondoka wakaenda kujisajili upya. Subiri.

"Haionekani" maana yake ni kwamba mstari wa namna uliyoitaja haukupatikana katika mahali palipotafutwa. Haimaanishi haupo. Uliza kwa upole: "Mmetafuta miaka ipi? Kwa tahajia ipi? Kwenye kompyuta tu, au na kitabu?" Vitabu vya zamani katika ofisi nyingi bado havijaingizwa vyote kwenye mfumo, na vilivyoingizwa viliandikwa upya na watu waliokuwa wakisoma mwandiko wa karani wa miaka ya nyuma.

Toa ile karatasi ya hatua ya 3, kisha fuata mpangilio huu, wa rahisi kwanza:

1. Tahajia nyingine za jina lako, mwaka ule ule.
2. Jina la mama peke yake pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukiandikwa bila jina, njia hii ndiyo itakayokupata.
3. Mwaka uliofuata, kisha mwaka ulioanza shule.
4. Kitabu chenyewe, siyo kompyuta.
5. Ofisi ya wilaya jirani, au ofisi mama kabla ya mgawanyo.
6. Makao makuu, kwa sababu mifumo mingi ya usajili huweka nakala ya pili ya kumbukumbu huko.
7. Hospitali au kituo ulichozaliwa, kuona kama rejesta ya wodi ya wazazi bado ipo na ilipeleka tangazo lako wilaya gani.

Usimtake karani afanye yote kwa mara moja wakati foleni imefika mlangoni. Mwachie karatasi, chukua siku ya kurudi.

Yakishindikana yote, omba jibu la maandishi kwamba kumbukumbu imetafutwa na haikupatikana. Barua hiyo ndiyo tiketi yako ya usajili uliochelewa, na baadhi ya balozi huipokea pamoja na ushahidi mwingine wa utotoni.

Onyo: usijisajili upya kabla utafutaji haujaisha. Mistari miwili ya mtu mmoja, yenye namba mbili na pengine tarehe mbili, ni tatizo kubwa kuliko kukosa cheti. Shule ina namba ya kwanza, kitambulisho kina ya pili, na ofisi ya tatu inakuuliza wewe ni yupi. Kuufuta mmoja huchukua muda mrefu kuliko safari zote ulizokuwa unaziepuka.

## Hatua ya 7: Kagua cheti kabla hujaondoka dirishani

Simama pembeni, usitoke nje ya jengo. Soma cheti chote, neno kwa neno, ukilinganisha na karatasi yako: majina yote, jinsia, tarehe ya kuzaliwa kwa namba na kwa maneno, mahali, majina ya wazazi, namba ya ingizo, tarehe ya usajili, tarehe ya kutolewa, saini na muhuri.

Ukiona kosa, kuna maswali mawili tofauti. Je, limo daftarini, au limezaliwa leo wakati wa kunakili? Omba karani atazame kitabu. Kosa la kunakili husahihishwa pale pale na cheti hutolewa upya. Kosa lililomo daftarini haliondolewi na karani wa dirishani. Linahitaji maombi ya marekebisho, kiapo na ushahidi, na pengine mahakama. Usikubali mtu afute na kuandika juu, hata akiwa mfanyakazi wa ofisi hiyo. Cheti chenye neno lililorekebishwa kwa kalamu hutiliwa shaka popote kitakapopelekwa.

Tahajia tofauti na ile ya vyeti vya shule siyo lazima iwe kosa la msajili. Pengine shule ndiyo iliyobadilisha. Amua ni upande upi utakaorekebishwa kabla hujaanza kulipia viapo. Kwa kawaida nyaraka za baadaye ndizo hufuata cheti cha kuzaliwa, lakini mtu mwenye shahada na miaka 20 kazini huenda akaona hati ya kiapo cha majina ni njia fupi.

Usikitie plastiki ya moto. Muhuri wa kubonyezwa na alama za karatasi havikaguliki tena, na ofisi nyingi hukikataa. Mfuko wa plastiki wa kawaida unatosha. Piga picha pande zote mbili, kisha andika namba ya ingizo mahali pasipohusiana na simu wala bahasha hiyo, kwa mfano kwenye daftari la ndugu. Mwenye namba hiyo anaruka hatua ya 2, ya 3 na ya 6 mara nyingine.

## Hatua ya 8: Kama cheti kinakwenda nchi nyingine

Huku mpangilio ndio kila kitu, na wanaokosea huanza na tafsiri.

Kwanza pata nakala mpya kutoka kwa msajili, ikiwezekana ile inayohakikiwa kwenye mfumo. Pili, thibitisha saini na muhuri. Kama nchi yako na inayokipokea ziko kwenye Mkataba wa Den Haag wa 1961, cheti hubandikwa uthibitisho mmoja uitwao apostili, basi. Burundi inautumia tangu 2015 na Rwanda tangu 2024. Kama mojawapo haimo, cheti hupita wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotolewa, kisha ubalozi wa nchi kinakokwenda. Baina ya nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2019 cheti cha kuzaliwa hakihitaji apostili, na mwombaji anaweza kuomba fomu ya lugha nyingi iambatishwe ili kuepuka tafsiri.

Tafsiri huja mwisho, na mtafsiri awe anayetambuliwa na nchi inayopokea, siyo na nchi unayotoka. Mpe cheti kikiwa tayari na mihuri yake yote, kwa sababu wapokeaji wengi wanataka na mihuri hiyo itafsiriwe, pamoja na kilichoandikwa nyuma ya karatasi.